“Saa mbaya” ya Delhi si saa ya Kasugho: kalenda ya Wahindu inahesabiwa namna gani?

KASUGHO, Kivu ya Kaskazini – Mabati, ndoo za plastiki, sufuria, betri, magodoro: sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa Kasugho, katika teritwari ya Lubero, hupitia Butembo. Kabla ya Butembo, nyingi zimevuka mpaka wa Kasindi zikitoka Kampala. Na huko Kampala, katika maduka ya jumla, mwenye duka mara nyingi ni mtu mwenye asili ya India. Ndiyo sababu kuna sikukuu isiyokuwa ya wakaaji wa Kasugho lakini inayoweza kuuchelewesha mzigo wao. Sikukuu hiyo ni Diwali.

Mwaka 2022 Diwali ilikuwa tarehe 24 Oktoba. Mwaka 2023 ilikuwa 12 Novemba. Mwaka 2024 wengi waliifanya 31 Oktoba, na mwaka 2025 ikawa 20 Oktoba. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Novemba, siku ya yenga. Noeli haiondoki 25 Desemba, lakini Diwali inahamahama. Hata hivyo haihami ovyo: inafuata kalenda yenye hesabu kali, inayotazama jua na mwezi kwa pamoja.

Kalenda hiyo sasa iko pia ndani ya simu. Programu za bure zinamwambia mtu kila asubuhi ni saa gani nzuri ya kuanza safari au kufungua biashara, na ni saa gani mbaya. Mwenye mega katika simu yake anaweza kuifungua Kasugho sawa na aliye Mumbai. Basi kuna maswali mawili ambayo kila anayeisoma anapaswa kujiuliza. Saa hiyo imehesabiwa kwa mahali gani? Na katika hayo yote, ni nini hesabu na ni nini imani?

Mhindi si lazima awe Mhindu

Tuanze na majina, kwa sababu hapa kwetu yanachanganywa. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko. Mhindu ni mwenye kufuata dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki ni Wahindu, lakini wengine ni Waislamu, wakiwemo Waismailia na Mabohora. Wengine ni Masingasinga, na wale waliotoka Goa wengi ni Wakatoliki. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Butembo asidhani kwamba kila duka la Mhindi mjini Kampala linafungwa kwa ajili ya Diwali.

Historia yao katika eneo letu ni ndefu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India ili kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha. Waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliokuja wenyewe, hasa kutoka Gujarat, walifungua maduka hadi vijijini. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Uganda kwa kuwapa siku 90. Miaka ya baadaye baadhi yao walirudi, na leo wanaonekana tena sokoni. Hata maneno tunayoyatumia kila siku tukinunua, kama duka na pesa, yana asili yake upande huo wa bahari.

Wahindu wa Gujarat wana desturi moja inayomhusu mteja wao moja kwa moja. Wakati wa Diwali wanavibariki vitabu vipya vya hesabu za biashara. Mwaka wao mpya unaanza baada ya Diwali, na mwaka wao wa 2083 utaanza 10 Novemba 2026. Kwao, Diwali ni wakati wa kufunga hesabu za zamani, na kwa desturi ya Gujarat wengine hungoja hadi siku ya tano ya mwezi mpya ndipo waanze kazi kwa nguvu. Kenya sheria inaitambua Diwali kama siku ya mapumziko kwa Wahindu. Uganda si sikukuu ya taifa: benki na ofisi za serikali zinafanya kazi, lakini mlango wa duka fulani unaweza kuwa umefungwa.

Viungo vitano

Kitabu cha kalenda ya Wahindu kinaitwa panchanga, maana yake viungo vitano. Kila siku inaelezwa kwa mambo matano.

La kwanza ni siku ya juma. Hapa msomaji anayejua Kifaransa atacheka. Sisi tunahesabu tu: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi siku ya posho na ya yenga. Wahindu wanazipa siku majina ya vitu vya angani: Somvar ni siku ya mwezi, Mangalvar ni ya sayari ya Mars, Budhvar ya Mercury, Guruvar ya Jupiter, Shukravar ya Venus, Shanivar ya Saturn, na Ravivar ya jua. Sasa tazama Kifaransa: lundi ni siku ya lune, yaani mwezi, mardi ni ya Mars, mercredi ya Mercure, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Vénus. Mpangilio ni mmoja. Kila mwanafunzi wetu anayeandika tarehe ubaoni anaandika mabaki ya elimu ileile ya zamani ya nyota.

La pili ni tithi, yaani siku ya mwezi wa angani. Mwezi unakwenda kwa kasi kuliko jua mbele ya macho yetu. Kila unapoliacha jua kwa digrii 12, tithi moja imekwisha. Duara nzima ni digrii 360, kwa hiyo tithi ni 30: 15 za mwezi unaokua na 15 za mwezi unaopungua. Mwezi mpevu unaitwa purnima, na usiku wa giza usiokuwa na mwezi unaitwa amavasya. Diwali ni usiku wa amavasya, ndiyo sababu watu wanawasha taa.

Mwendo wa mwezi haulingani siku zote, hivyo tithi moja inaweza kuwa na saa 19 hivi, nyingine 26 hivi. Siku nzima inapewa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza. Kwa hiyo inatokea tithi fupi ikaanza baada ya macheo na kuisha kabla ya macheo yanayofuata: hiyo inarukwa. Nyingine ndefu inakuta macheo mawili, na siku mbili zinabeba namba moja. Mtu asiyejua atadhani mchapaji amekosea.

La tatu ni nakshatra, yaani kundi la nyota ambalo mwezi umelala mbele yake. Ni 27, kwa sababu mwezi unazunguka anga yote na kurudi penye nyota ileile kwa muda wa siku 27 na zaidi kidogo. La nne ni yoga, hesabu ya kujumlisha mahali pa jua na mahali pa mwezi. La tano ni karana, nusu ya tithi.

Katika hayo matano, hakuna linalohitaji muujiza. Ni kazi ya kutazama na kuhesabu iliyofanywa India tangu zamani sana. Mwaka 499 Aryabhata aliandika kitabu cha hesabu na elimu ya anga akiwa kijana wa miaka 23. Tunayoyaona Kasugho yanathibitisha hesabu hiyo. Usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulishikwa na kivuli cha dunia na kuwa mwekundu. Ulikuwa purnima, kwa sababu mwezi hauwezi kupatwa isipokuwa ukiwa mpevu. Alasiri ya 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, na kivuli kikapita kaskazini mwa Congo hadi Uganda. Siku hiyohiyo Wahindu walikuwa na Diwali. Jua linapatwa wakati wa amavasya tu, na Diwali ni amavasya.

Hata mtoto wa Kasugho anaweza kuipima tithi bila simu. Jioni jua likizama, akiona nusu ya mwezi iko juu ya kichwa, ni tithi ya nane ya mwezi unaokua. Akiona mwezi mzima unachomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, ni ya 15. Pasipo taa za barabarani, anga la kijijini ni kitabu kilicho wazi.

Mwezi unaoongezwa ili mvua isipotee

Miezi 12 ya angani ina siku 354 hivi. Mwaka wa jua una 365. Kila mwaka kunapungua siku 11. Waislamu wanaacha kalenda itembee, na ndiyo sababu Ramadhani inapita katika majira yote. Wahindu hawakukubali hivyo, kwa sababu sikukuu zao zimefungamana na kupanda na kuvuna. Kwa hiyo kila baada ya miezi 32 au 33 hivi wanaongeza mwezi mzima wa 13. Katika miaka 19 miezi ya namna hiyo ni 7.

Mwaka 2023 mwezi wa ziada ulikuwa kati ya 18 Julai na 16 Agosti. Mwaka 2026 ni kati ya 17 Mei na 15 Juni. Hapo unaona kwa nini Diwali ilirudi nyuma hadi 20 Oktoba mwaka 2025 kisha ikaruka mbele hadi 8 Novemba mwaka 2026.

Mkulima wa Lubero anaielewa sababu hiyo bila kufundishwa. Musimu A unaanza na mvua za Septemba, musimu B na zile za Februari na Machi. Kalenda ambayo ingesogea siku 11 kila mwaka ingemwambia apande maharagwe wakati wa jua kali baada ya miaka michache. Wakristo nao wanashika mwezi na jua pamoja: Pasaka inahesabiwa kwa mwezi mpevu unaofuata 21 Machi, kisha siku ya yenga inayokuja.

Saa mbaya inatoka wapi?

Hapo hesabu inapokelewa na imani. Masimulizi ya Kihindu yanasema kiumbe mmoja, Rahu, alikunywa kwa wizi kinywaji cha uzima. Mungu Vishnu akamkata kichwa. Kichwa hakikufa, na tangu hapo kinalikimbiza jua na mwezi ili kuvimeza. Ndipo kupatwa kunapotokea. Kwa wenye elimu ya anga, Rahu si kitu kinachoweza kuonekana. Ni jina la mahali ambapo njia ya mwezi inakatana na njia ya jua.

Kila siku Rahu anapewa muda wake, unaoitwa Rahu Kaal. Hesabu yake ni hii: muda tangu macheo hadi machweo unagawanywa katika mafungu 8 yaliyo sawa. Siku ya kwanza, Rahu ana fungu la 2. Siku ya posho, la 3. Siku ya tano, la 4. Siku ya tatu, la 5. Siku ya ine, la 6. Siku ya pili, la 7. Siku ya yenga, la 8. Katika fungu hilo, mwenye kuamini haanzi jambo jipya: hasaini mkataba, hafungui duka, haanzi safari. Jambo lililokwisha kuanza linaendelea tu.

Watu wa Gujarat, ambao ndio wengi katika biashara ya Afrika Mashariki, wanatumia zaidi hesabu nyingine inayoitwa choghadiya. Nayo inagawanya mchana mafungu 8 na usiku mafungu 8, kila moja na jina lake. Labh ni fungu la faida. Amrit na Shubh ni mazuri. Char linafaa kwa safari. Rog ni la ugonjwa, Kaal la hasara, Udveg la wasiwasi. Mwenye kufungua vitabu vipya siku ya Diwali anatafuta Labh au Shubh. Kuna pia muda mfupi wa dakika 48 hivi katikati ya mchana, Abhijit, unaohesabiwa kuwa mzuri. Na mwingine kabla ya mapambazuko, Brahma muhurta, unaoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza, ambao wacha Mungu wanautumia kwa sala.

Kasugho, mahali ambapo mafungu hayabadiliki

Jambo ambalo programu nyingi hazimwelezi mtumiaji ni hili: saa hizo zote zinaanza na macheo ya mahali alipo mtu. Macheo yakibadilika, kila kitu kinabadilika.

Delhi, mchana wa Desemba una saa 10 na dakika 20 hivi. Mchana wa Juni unakaribia saa 14. Kwa hiyo fungu moja la Rahu ni dakika 77 wakati wa baridi na dakika 105 wakati wa joto. London tofauti ni kubwa zaidi: Desemba fungu halifiki saa moja, Juni linapita saa mbili.

Kasugho ni karibu na ikweta, mstari ambao unapita kati ya Butembo na Lubero. Hapa mchana ni saa 12 na dakika chache, mwaka mzima. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi. Linatangulia au kuchelewa robo saa tu kulingana na mwezi wa mwaka. Fungu la nane ni saa moja na nusu, Januari kama Julai. Na kuna bahati nyingine: Kiswahili kinaanza kuhesabu saa na macheo, sawa na panchanga. Serikali inaanza siku saa sita ya usiku. Muislamu anaianza jua likizama, na Muadventista vilevile anaingia Sabato machweo ya siku ya tano. Lakini mtu anayesema “saa moja ya asubuhi” anahesabu saa ya kwanza baada ya jua kutoka.

Kwa hiyo jedwali ambalo katika nchi nyingine linahitaji kuhesabiwa upya kila juma, Kasugho linaweza kuandikwa mara moja. Siku ya kwanza, Rahu yuko tangu saa moja na nusu hadi saa tatu ya asubuhi. Siku ya pili, tangu saa tisa hadi saa kumi na nusu. Siku ya tatu, tangu saa sita hadi saa saba na nusu. Siku ya ine, tangu saa saba na nusu hadi saa tisa. Siku ya tano, tangu saa nne na nusu hadi saa sita. Siku ya posho, tangu saa tatu hadi saa nne na nusu. Siku ya yenga, tangu saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili ya jioni.

Sasa mtu afungue simu iliyoachwa kwenye mji wa Delhi, siku ya kwanza ya katikati ya Desemba. Itamwandikia Rahu kuanzia 8:25 hivi hadi 9:42 hivi. Akiisoma kama saa ya hapa, amekosea kwa karibu saa nzima upande wa kuanza. Akijitahidi kubadilisha saa za India ziwe za Congo, kwa kutoa saa tatu na nusu, atapata saa kumi na moja ya alfajiri, wakati Kasugho bado ni giza. Njia zote mbili ni kosa kwa sheria za kalenda yenyewe. Jua la Delhi si jua la hapa.

Hata Kampala si sawa. Ukivuka Kasindi kuingia Mpondwe, saa ya mkono unaisogeza mbele kwa saa moja, lakini jua la Kampala linatangulia la Kasugho kwa robo saa tu. Kwa hiyo saa za panchanga za Kampala, zikisomwa ukutani, zinachelewa kama dakika 45 kuliko za kwetu.

India yenyewe ilibishana

Swali la mahali si dogo, hata kwa wenye kalenda. Mwaka 2024 amavasya ya Diwali ilianza alasiri ya 31 Oktoba kwa saa za India, ikaisha jioni ya 1 Novemba, saa 12 na dakika 17. Delhi jua lilikuwa limezama dakika 40 hivi kabla. Je, giza hilo la dakika 40 linatosha kuifanya 1 Novemba iwe Diwali, au usiku uliotangulia ndio halisi? Wengine waliwasha taa 31 Oktoba, wengine siku iliyofuata.

Kwa Kampala jibu lilikuwa rahisi. Dakika ileile ya mwezi mpya, huko ilikuwa saa 9 na dakika 47 za alasiri, jua bado juu. Jioni ya 1 Novemba amavasya ilikuwa imekwisha kabisa. Usiku uliobaki ni ule wa 31 Oktoba tu.

Ubishi wa namna hiyo ndio uliofanya serikali ya India, mwaka 1952, iunde tume iliyoongozwa na mwanasayansi Meghnad Saha. Tume ilikuta kalenda zipatazo 30 zikitumika nchini. Kutokana na kazi yake India ilianza kutumia kalenda ya taifa tarehe 22 Machi 1957. Hata hivyo, kwa ndoa na sikukuu, familia nyingi zimebaki na panchanga ya jimbo lao.

Ishango, hesabu iliyotutangulia

Asiseme mtu kwamba kuhesabu mwezi ni jambo la kigeni lililoletwa na simu. Mwaka 1950, mahali panapoitwa Ishango, ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita 10 hivi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Juu yake kuna mikato 168 iliyopangwa katika safu tatu: 60, 60 na 48. Mtafiti Alexander Marshack aliona humo hesabu ya siku za mwezi kwa muda wa miezi kama sita. Wataalamu wengine wanaona hesabu za aina nyingine, na mjadala haujafungwa. Lakini mikato ipo, na mkono uliokata ulikuwa wa mtu aliyeishi kwenye udongo wa Kivu ya Kaskazini. Mfupa wenyewe unatunzwa Brussels, katika taasisi ya sayansi ya asili ya Ubelgiji.

Je, nyota zinaijua biashara yako?

Kwamba mwezi utakuwa mahali fulani saa fulani, hilo linahakikishwa. Kwamba saa hiyo italeta faida au hasara, hilo ni suala jingine, na India kwenyewe limepimwa. Mwaka 2008 Jayant Narlikar, mtaalamu wa sayansi ya anga kutoka mji wa Pune, pamoja na wenzake, walikusanya saa za kuzaliwa za watoto 200: 100 waliokuwa hodari sana shuleni na 100 wenye ulemavu wa akili. Wanajimu walioitika walipewa kila mmoja watoto 40, bila majina, watambue nani ni nani kwa kutazama nyota tu. Majibu ya wanajimu 27 yalipohesabiwa, waliopatia walikuwa asilimia 46 kwa wastani. Mtu anayerusha sarafu hewani angepata kama 50.

Hilo halimpi mtu ruhusa ya kumdharau jirani yake. Kwa Mhindu mwenye imani, kungoja saa njema ni sala, kama vile Mkristo anavyoomba kabla ya kupanda gari. Hasara inaanza pale mtu anapoiuza saa hiyo. Programu nyingi ni bure mwanzoni, kisha zinaomba malipo ili zikutajie “siku yako ya utajiri” au kukuuzia jiwe la kuondoa mkosi. Kijana wa kijijini anayetuma franga zake kwa mtu asiyemjua ananunua kitu ambacho wanajimu 27 walishindwa kukionyesha bure.

Na kwa mchuuzi wa Kasugho, saa ya kuondoka haichaguliwi na Rahu. Inachaguliwa na mvua, matope na habari za usalama barabarani. Habari ya dereva aliyepita jana ina uzito kuliko nyota zote 27 za mwezi.

Linalofaa kufanywa

Kwa wanaonunua Kampala, faida ya kuijua kalenda hii ni ya kawaida kabisa. Kabla ya kumaliza mwezi wa Septemba, tafuta tarehe ya Diwali ya mwaka huo. Muulize mwenye duka unayenunua kwake kama yeye ni wa sikukuu hiyo, na atafunga siku gani hadi siku gani. Mwaka 2026, siku za kuuliza ni kuanzia 6 Novemba, ambayo ni Dhanteras, siku ambayo Wahindu hununua dhahabu na vyombo vya chuma, hadi mwaka wao mpya wa 10 Novemba na siku chache baadaye. Kama una deni kwake, jua kwamba hizo ndizo siku anazofunga kitabu, atakukumbusha kabla. Kama una malalamiko juu ya hesabu, yapeleke kabla kitabu kipya hakijafunguliwa.

Na kwa anayependa kuifungua programu kwa kujifunza tu, kwanza aende penye sehemu ya mahali aondoe Delhi, aandike Butembo. Kisha jioni atoke nje, autazame mwezi, na alinganishe na kilichoandikwa kwenye simu.